Tope la Mlango wa Mto na Samaki wa Mama Mjamzito

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki huko Singe, katika mji wa Babati, yuko mbali sana na Bahari ya Hindi. Hata hivyo, samaki wakavu wa baharini husafirishwa hadi masoko ya bara, na akiuliza kama uchafu wa baharini unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, swali lake ni halali.

Jibu linaanzia pale mto unapokutana na bahari. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu na kupita katikati ya Dar es Salaam, ukipokea majitaka ya viwanda na makazi, hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Hapo chumvi ya bahari hufanya chembe za udongo zigandamane na kuzama, pamoja na risasi na metali nyingine zilizonata juu yake. Ndiyo maana tope la mikoko huwa ghala la sumu. Chaza na kome, wanaojilisha kwa kuchuja maji, huzilimbikiza metali hizo mwilini. Kinyesi na mbolea navyo hustawisha mwani kupita kiasi. Mwani huo unapooza, oksijeni huisha majini na makinda ya samaki na kamba hufa.

Zebaki ina hila yake. Bakteria wa tope huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo huongezeka kila kiumbe mkubwa anapomla mdogo. Kwa hiyo papa aliyeishi miaka mingi huwa nayo nyingi kuliko dagaa. Huko Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga majitaka yenye zebaki baharini, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Baadhi ya akina mama waliokuwa na dalili chache tu walijifungua watoto wenye madhara makubwa ya ubongo. Kondo la nyuma, lililodhaniwa kuwa ngao, liliipitisha sumu.

Ushauri hukosewa zaidi kuhusu kupika. Kuchemsha vizuri huua bakteria, hata wale wa kipindupindu, ambao kwa asili huweza kuishi katika maji ya milango ya mito. Lakini moto hauondoi metali. Ndimu haisaidii, wala kubandua ngozi, kwa kuwa methili-zebaki imeshikamana na mnofu wenyewe.

Kumkataza mjamzito samaki wote ni kosa kubwa zaidi. Wataalamu waliokutanishwa na FAO na WHO mwaka 2010 walisisitiza faida ya samaki kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto. Dagaa na samaki wengine wadogo wanafaa. Papa na nduaro ndio wa kuepukwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha.

Perege wa Ziwa Babati je? Maji ya huko hayafiki baharini. Huishia katika maziwa ya Bonde la Kati. Hilo si kinga kamili, kwani zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ikiingia ziwani, hugeuzwa vivyo hivyo. Basi mgonjwa anapolalamikia ganzi ya midomo na vidole, au kuyumba anapotembea, mhudumu anapochunguza sababu nyingine aulize pia: anakula samaki gani, mara ngapi kwa wiki, na wametoka maji gani?