Droni Ishuke Kabla Helikopta Haijafika

Jioni ya Septemba 21, 2017, helikopta mbili za kijeshi aina ya Black Hawk zilikuwa zikipita karibu na ufukwe wa Staten Island, New York, zikiwa mita 90 hivi juu ya bahari. Jua lilikuwa limeshazama. Ng'ambo ya maji, katika bustani moja ya Brooklyn, mtu mmoja alikuwa akirusha droni yake aina ya Phantom 4 kwa kujifurahisha. Alikuwa ameipeleka kilomita nne hivi kutoka aliposimama, akiiongoza kwa kutazama tableti tu. Mara mawasiliano yakakatika. Aliisubiri irudi, haikurudi, akaamini imepata hitilafu na kuanguka majini. Kwamba ilikuwa imegonga panga la helikopta alikuja kuambiwa baadaye na wachunguzi wa ajali, waliomfikia kwa kufuata namba iliyokuwa kwenye mota ya droni, kipande kilichonasa katika helikopta.

Helikopta ilitua salama, panga lake likiwa na mbonyeo wa sentimita nne hivi. Wachunguzi walisema chanzo ni mrushaji kuipeleka droni kwa makusudi mahali ambapo macho yake hayafiki. Zaidi ya hapo, anga ile ilikuwa imefungwa kwa muda kwa sababu ya mkutano wa Umoja wa Mataifa, naye hakuwa na habari.

Mimi hukitazama zaidi kile kimo cha mita 90. Sheria za Marekani, kama zilivyo za Kenya na za nchi nyingine nyingi, haziruhusu droni ya kawaida kupanda zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi kutoka ardhini. Droni ya Brooklyn ilikuwa chini ya hapo. Helikopta nayo ilikuwa chini ya hapo. Warushaji wengi wa droni huamini kwamba wakiheshimu mita 120, basi ndege za watu zote ziko juu yao. Imani hiyo ni ya hatari, na inafaa ieleweke ilikotoka.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinamtaka rubani anayeruka kwa kutegemea macho asishuke chini ya futi 500, yaani mita 150, nje ya miji, na abaki juu zaidi anapopita juu ya makazi ya watu. Kati ya 120 na 150 imebaki nafasi ya mita 30, nayo ni nyembamba mno. Tena kanuni yenyewe ina milango. Ndege inayopaa au kutua haihusiki. Ndege inayokaribia uwanja kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi tatu huwa imeshashuka chini ya mita 120 ikiwa bado na zaidi ya kilomita mbili kufika mwanzo wa njia ya kutua. Ukisimama shambani kilomita mbili kutoka uwanja mdogo wa changarawe, huenda uwanja wenyewe huuoni, lakini ndege inayouendea itapita mahali ambapo droni yako inaelea.

Kwetu Afrika Mashariki milango hiyo ni mingi. Maputo ya watalii huelea alfajiri juu ya Serengeti na Masai Mara, nyakati nyingine yakikaribia kugusa vilele vya miti, na rubani wa puto hana usukani wa kukwepa chochote. Anaweza kupanda au kushuka tu, tena polepole. Ndege za kunyunyizia dawa dhidi ya kwelea kwelea na nzige hufanya kazi chini kabisa, kwa kuwa dawa ikimwagwa kutoka juu hupeperushwa na upepo. Ndege za shirika la afya la AMREF hufuata wagonjwa katika viwanja vya vumbi visivyo na mnara wala muongoza ndege. Hawa wote wako katika anga ya chini kwa haki, na kila mmoja amebeba watu.

Je, rubani hawezi kuiona droni akaikwepa? Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inakadiria kuwa tangu rubani akione kitu, atambue ni nini, aone kwamba watagongana, aamue, asogeze usukani na ndege iitikie, zinapita sekunde 12.5. Helikopta inayokwenda kilomita 200 kwa saa hukata karibu mita 700 katika muda huo. Kwa hiyo anapaswa kuiona droni yenye upana wa sentimita 35 ikiwa mita 700 mbele yake, ambako ni nukta tu. Na kuna jambo baya zaidi: kitu kilicho katika njia ya kugongana nawe hakisogei kwenye kioo cha mbele. Kinabaki pale pale kikikua polepole, kisha ghafla kinajaa kioo. Jicho la binadamu huvutwa na kinachosogea, kwa hiyo hatari yenyewe ndiyo isiyolivuta.

Wapo wanaosema ndege hugongwa na ndege wa porini kila siku na hazianguki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dayton, Ohio, walifyatua droni ya takriban kilo moja kwenye bawa la ndege ndogo ya Mooney M20 kwa mwendo wa kilomita 383 kwa saa. Kisha wakafyatua mfano wa ndege wa porini wenye uzito unaokaribiana. Huo wa pili uliharibu zaidi sehemu ya nje, lakini droni ilipenya ndani ikaumiza mhimili mkuu unaolibeba bawa. Kampuni iliyoiunda droni hiyo ilipinga mwendo uliotumika, ikisema ni mkubwa kuliko wa ajali ya kweli. Hata ukikubali hoja yao, nyama na manyoya husambaratika; betri na mota havisambaratiki.

Vifaa vinasaidia kwa kiasi. Ndege nyingi hutangaza mahali zilipo kwa mfumo wa ADS-B, na baadhi ya droni za kisasa hupokea matangazo hayo na kumwonya mrushaji. Lakini si kila ndege ndogo ina kifaa hicho. Droni nazo Marekani kwa kawaida haziruhusiwi kutangaza kwa mfumo huo, kwa sababu ni nyingi kiasi cha kuweza kuyajaza masafa na kuzifunika ndege zenyewe. Hata kimo unachokisoma kwenye rimoti kinadanganya, kwani droni nyingi hukipima kutoka mahali ziliporukia. Rusha kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kando ya barabara ya Nairobi kwenda Naivasha, ielekeze bondeni, na skrini itakwambia mita 50 wakati ardhi iliyo chini ya droni iko mamia ya mita.

Kwa hiyo aliye ardhini ndiye anayebeba kazi ya kukwepa. Rubani hakuoni, wewe unaweza kumsikia kabla hujamwona. Hesabu yake ni rahisi, na kila mrushaji aifanye kwa droni yake. Phantom 4 katika hali ya kawaida hushuka mita tatu kwa sekunde. Kutoka mita 120 hadi chini ni sekunde 40. Helikopta ya kilomita 200 kwa saa uliyoisikia ikiwa umbali wa kilomita mbili itakuwa juu ya kichwa chako baada ya sekunde 36. Umechelewa, ingawa hukuvunja kikomo chochote. Kutoka mita 40 ungehitaji sekunde 13 hadi 14, na ungebakiwa na muda wa kutazama inapita. Ndiyo maana kimo ninachokipendekeza kwa anayepiga picha za kawaida ni kile anachoweza kukishuka chote kabla sauti haijawa ndege, na mara nyingi hicho ni chini sana ya mita 120.

Namna ya kushuka nayo ina utaratibu. Ukishusha droni wima kwa kasi, inaingia katika upepo wake yenyewe na kuyumba, hivyo ishushe huku ukiisogeza pembeni, mbali na mstari wa ndege. Kama unatazama skrini muda wote, awepo mwenzako wa kutazama na kusikiliza anga tu, asiguse simu. Muziki wa masikioni haufai.

Na kitufe cha kurudisha droni nyumbani usikibonyeze. Kwa droni nyingi, amri hiyo huanza kwa kuipandisha hadi kimo kilichowekwa ndani ya programu ndipo igeuke kurudi, na mara nyingi kimo hicho kimeachwa kama kilivyotoka kiwandani. Umesikia helikopta, umeshtuka, umebonyeza, na droni inapaa kuifuata. Kabla ya kurusha, fungua mipangilio, kiweke kimo hicho juu kidogo tu ya mti au jengo refu lililo karibu. Mawasiliano yakikatika, droni itapanda hadi hapo bila kukuuliza.