Usimamizi wa jalada la uwekezaji

Usimamizi wa jalada la uwekezaji ni taaluma ya kuchagua, kuchanganya na kufuatilia mali za kifedha kama vile hisa, hatifungani na amana za benki, ili mwenye fedha apate mapato yanayolingana na hatari anayoweza kuibeba. Mkusanyiko wote wa mali hizo, ukitazamwa kama kitu kimoja, ndio huitwa jalada (pia: potifolio). Taaluma hii hufundishwa zaidi katika ngazi ya shahada ya uzamili, ndani ya masomo ya fedha, uchumi au usimamizi wa biashara.

Chanzo

Msingi wa somo uliwekwa na Mmarekani Harry Markowitz katika makala aliyoitoa mwaka 1952. Kabla yake wawekezaji walijua kwamba ni vizuri kugawa fedha, lakini hawakuwa na hesabu ya kuonyesha kiasi gani na kwa nini. Markowitz alieleza kwamba hisa isipimwe peke yake, bali kwa namna inavyokwenda pamoja na nyingine zilizomo katika jalada. Alipotetea tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanauchumi Milton Friedman alimwambia kwamba kazi hiyo si uchumi. Hata hivyo alipata shahada yake, na mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na William Sharpe na Merton Miller.

Wazo kuu

Mkulima anayepanda mahindi na maharagwe ana mazao mawili, lakini mvua ikikosekana yote mawili hukauka. Anayepanda mahindi na muhogo yuko salama zaidi, kwa sababu muhogo huvumilia ukame. Kwa hiyo wingi wa mazao pekee hautoshi. Lazima yatofautiane katika yale yanayoyadhuru.

Kwa hesabu, tuchukue hisa mbili. Kila moja inatarajiwa kuleta mapato ya 12% kwa mwaka, na mtawanyiko wa mapato hayo (mkengeuko sanifu) ni 20%. Mwekezaji anaweka nusu ya fedha zake katika kila hisa:

- Kama hisa hizo hupanda na kushuka pamoja daima (kipimo cha uhusiano ni 1), mtawanyiko wa jalada hubaki 20%.
- Kama hazihusiani kabisa (kipimo ni 0), mtawanyiko hushuka hadi karibu 14.1%.
- Kama huenda kinyume daima (kipimo ni -1), mtawanyiko huwa 0.

Katika hali zote tatu mapato yanayotarajiwa ni yaleyale 12%. Hatari imepungua bila kupunguza mapato.

Yanayofundishwa

Mwanafunzi wa uzamili huhitaji takwimu, hesabu za matriki na uhasibu. Jalada la hisa 50 lina jozi 1,225 za hisa ambazo uhusiano wake lazima ukadiriwe, ndiyo maana kompyuta ni chombo cha kila siku. Mada za kawaida ni hizi:

- Nadharia ya Markowitz na ugawaji wa fedha kati ya aina za mali.
- Modeli ya bei za mali, iliyotolewa na Sharpe mwaka 1964, inayotenganisha hatari ya soko zima na hatari ya kampuni moja. Hii ya pili huweza kupunguzwa kwa kuchanganya hisa. Ile ya kwanza hubaki.
- Upimaji wa wasimamizi. Uwiano wa Sharpe huchukua mapato, hutoa riba isiyo na hatari, kisha hugawanya kwa mtawanyiko. Katika mfano wa juu, riba ya hati za serikali ikiwa 8%, hisa moja hupata 0.20 na jalada la hisa zisizohusiana hupata 0.28.
- Tabia za wawekezaji, kufuatia utafiti wa Daniel Kahneman na Amos Tversky wa mwaka 1979.

Nje ya vyuo vikuu, wengi hufanya mitihani ya ngazi tatu ya CFA Institute.

Ukosoaji

Hesabu hizi hutegemea takwimu za zamani, na yaliyopita si ahadi ya yajayo. Mwaka 1998 mfuko wa Marekani uitwao Long-Term Capital Management ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4, ingawa miongoni mwa washirika wake walikuwamo Robert Merton na Myron Scholes, washindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 1997. Mfuko huo ulikuwa umekopa mno. Urusi iliposhindwa kulipa madeni yake, masoko yaliyodhaniwa hayahusiani yalianguka pamoja.

Mwaka 2009 DeMiguel, Garlappi na Uppal walilinganisha modeli 14 na kanuni nyepesi ya kugawa fedha sawasawa. Hakuna modeli iliyoishinda kanuni hiyo mara zote, kwa sababu makosa ya makadirio hula faida ya hesabu.

Katika Afrika ya Mashariki

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na lile la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Katika masoko madogo hisa fulani huweza kukaa siku nyingi bila kununuliwa. Bei yake haibadiliki, hivyo kwenye hesabu huonekana haina hatari, kumbe tatizo ni kwamba mwenye nayo hapati mnunuzi. Mwanafunzi anayetumia kanuni za vitabu bila kuliangalia jambo hilo atapata jibu sahihi kihesabu lakini lenye kupotosha. Jambo hilo ni zito, kwa kuwa sehemu ya fedha zinazowekezwa katika masoko haya ni akiba za uzeeni za wafanyakazi.