Kwa Bosi, Daftari Kwanza

Anayeufungua kwa mara ya kwanza mchezo wa kompyuta wa Gangsters: Organized Crime akitarajia milio ya risasi atakuta ramani ya mji, orodha ya majina na saa iliyosimama. Mchezo huu wa mwaka 1998 uliundwa na Hothouse Creations ya Uingereza na kutolewa na Eidos. Kati ya michezo yote ya magenge niliyoicheza, huu ndio unaoeleza vizuri zaidi jinsi uhalifu wa kupangwa unavyoendeshwa, kwa sababu unakukalisha ofisini.

Mji wake, New Temperance, ni wa kubuni. “Temperance” ndilo jina la vuguvugu la Wamarekani waliopinga ulevi. Marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa Marekani Januari 1920, ikafutwa Desemba 1933. Miaka yote hiyo watu waliendelea kunywa, na faida iliyokuwa ya wenye viwanda ikahamia kwa magenge. Wewe ni bosi wa genge mojawapo.

Kila wiki ina awamu mbili. Kwanza unapanga: luteni yupi aende mtaa upi, nani akadai pesa za ulinzi madukani, nani asake vijana wapya, nani abaki kulinda. Kisha unairuhusu wiki iende, na watu wako wanaingia barabarani kutekeleza. Unaweza kuwasaidia hapa na pale, lakini mpango mbovu hautengenezeki ukiwa njiani.

Wageni wengi huangushwa na tamaa ya mitaa. Kila duka unalolitisha linaongeza kipato kidogo, lakini linahitaji mtu wa kwenda kukusanya. Mtu huyo anataka mshahara, na kadiri vijana wako wanavyozagaa, ndivyo polisi wanavyokuzoea sura. Nimeshuhudia genge lenye nusu ya mji likishindwa kulipa watu wake. Pesa nzito iko kwenye kamari na baa za siri, nazo zinahitaji biashara halali ya kuzugia mbele yake. Hapo ndipo mhasibu na wakili wanapokuwa na thamani kuliko wapiga bunduki kumi.

Historia yenyewe inathibitisha hilo. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya muuza pombe wa South Carolina, iliamua kwamba hata kipato haramu kinatozwa kodi. Uamuzi huo ndio uliomfungulia Al Capone, bosi wa genge la Chicago, mlango wa gereza. Mwaka 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11, na hakuna shtaka hata moja la mauaji lililomtia hatiani. Lilikuwa suala la kodi. Miongoni mwa ushahidi kulikuwa na madaftari ya nyumba ya kamari ya Cicero, jirani na Chicago, yaliyokamatwa katika msako wa mwaka 1926. Madaftari hayo yalikaa muda mrefu kabla ya mtu kuyasoma kwa makini.

Mchezo una kasoro inayonisumbua. Mwenye duka anayetishwa ni mstari tu kwenye jedwali. Humwoni akifunga mlango mapema, wala humsikii akimweleza mkewe pesa zimekwenda wapi. Wabunifu walimwona bosi kwa undani mkubwa, wakamsahau anayelipa. Ucheze ukilikumbuka hilo.

Ukiuanza, wiki za mwanzo shika mtaa mmoja ulio karibu na makao yako, uchunguze vizuri, na utafute mhasibu kabla ya kuongeza bunduki. Kila wiki inapoisha, soma hesabu za mapato na matumizi mpaka mwisho kabla hujatoa amri yoyote mpya.