Mota Ndani ya Gurudumu

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni KITOVU. Kitovu cha gurudumu ni pale katikati, panapozungukiwa na gurudumu lote.

Mkilichungulia lori kwa chini, mtaona mti mrefu wa chuma unaotoka kwenye giaboksi mpaka kwenye difu. Mafundi huuita propela. Nguvu za injini hupita humo ndipo magurudumu yazunguke. Kwa lori la mahindi si neno. Lakini gari la vita likikanyaga bomu lililofukiwa, propela ikakatika, gari halendi tena, na askari waliomo wamekwama mbele ya adui.

Dawa yake ilianza zamani. Mwaka 1900 huko Paris ilionyeshwa motokaa aliyoibuni Ferdinand Porsche, yenye mota za umeme ndani ya vitovu vya magurudumu. Umeme hupita katika waya, na waya waweza kupindwa upande wowote. Propela ya nini tena? Baadaye aliongeza injini ya petroli, lakini hiyo ilizungusha dainamo tu, na dainamo ikatoa umeme. Gari la injini na umeme pamoja twaliita chotara, kama tusemavyo mahindi chotara.

Sasa twende Marekani. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilionyesha gari la majaribio ya kijeshi liitwalo Crusher. Lilikuwa na magurudumu sita, kila moja na mota yake, wala halikuwa na nafasi ya dereva. Injini ya dizeli ilijaza betri. Ikizimwa, gari lilikwenda kwa betri bila ngurumo, na adui hasikii. Kupinda je? Magurudumu ya upande mmoja yalizunguka upesi kuliko ya upande wa pili, kama mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja.

Kwangu mimi, faida kubwa ni tumbo la gari. Propela ikiondoka, sakafu yaweza kuundwa kama mkuku wa jahazi, na mlipuko ukagawanyika kwenda pembeni.

Lakini yapo matata. Springi hukinga bodi, hazikingi gurudumu. Basi kila shimo hupiga mota yenyewe, na uzito wake hufanya gurudumu lidunde vibaya. Tena mota lazima ifungwe sana isiingie tope, na ikifungwa sana joto halipati pa kutokea. Ndiyo sababu malori mengi ya majeshi bado yana propela.

Zoezi: Chora gari chotara. Onyesha injini, dainamo, betri na mota, kisha chora waya zinazoviunganisha.