Mtoto Aliyedhani Anacheza

Wanafunzi wetu wengi wanaijua michezo ya vita ya kompyuta: unabonyeza kitufe, adui anaanguka, pointi zinaongezeka. Mwaka huu tumeona ni vyema tuwaelezee riwaya moja ya Kimarekani iliyobuniwa juu ya jambo hilo. Inaitwa Ender's Game, ya Orson Scott Card, nayo ilitoka mwaka 1985.

Ender anachukuliwa kwa wazazi wake akiwa na miaka 6, akafunzwe vita dhidi ya viumbe wa sayari nyingine. Mwishoni anawekwa mbele ya mashine na kuambiwa kwamba ni mtihani tu. Anaiangamiza sayari nzima kwenye kioo. Wakubwa wake wanalia kwa furaha, ndipo anapoambiwa kuwa merikebu zilikuwa za kweli na viumbe wale wamekwisha. Kwa nini walimficha? Walitaka kamanda mwenye huruma ya kutosha kumwelewa adui, nao walijua kwamba mwenye huruma hiyo, lau angejua, asingebonyeza. Baadaye Ender anagundua kwamba adui alikwisha kuamua kutorudi tena kupigana.

Je, muuaji ni nani hapa? Waliosoma mlango wa jinai katika fiqhi wanajua kwamba kuua kwa kukusudia na kuua kwa makosa havina hukumu moja, lakini hata aliyekosea ana dia na kafara. Sisi tunaona mzigo mkubwa ni wa wale watu wazima.

Vita vya namna hii si hadithi tena. Mwaka 2001 Marekani ilianza kutumia ndege zisizo na rubani zenye silaha huko Afghanistan, na baadaye baadhi ya waendeshaji wake walikuwa Nevada. Zamu ikiisha wanarudi nyumbani kula na watoto wao. Hao, tofauti na Ender, wanajua. Tena huitazama nyumba kwa saa nyingi kabla ya kupiga, kisha huona kilichobaki, na wapo walioathirika nafsi zao. Ila kazi imegawanywa: huyu anaongoza ndege, yule kamera, na mwingine anatoa amri.

Tarehe 29 Agosti 2021 mjini Kabul, kombora la ndege kama hiyo liliua raia 10, watoto 7 miongoni mwao. Jeshi kwanza lilisema limempiga gaidi. Tarehe 17 Septemba likakiri kosa. Mwezi Desemba ikatangazwa kwamba hakuna askari atakayeadhibiwa. Ender wa riwayani naye hakuhukumiwa, lakini aliondoka akizunguka sayari kwa sayari, mkononi ana kifukofuko chenye malkia wa mwisho wa viumbe wale, akimtafutia mahali pa kuishi.