Je, Wajua? Mbwa wa Battersea Waliotembea Kuelekea Ujiji

Je, wajua kwamba kabla ya safari yake ya kulivuka bara la Afrika, Henry Morton Stanley alipita Battersea, London, kwenye kituo cha mbwa waliopotea na kutelekezwa, akanunua mbwa wa kufuatana naye? Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1860 na mwanamke aitwaye Mary Tealby, kikahamia Battersea mwaka 1871, mwaka uleule Stanley alipomkuta mmisionari David Livingstone Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kipo mpaka leo.

Msafara ulitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na mbwa watano kutoka Uingereza. Hakuna hata mmoja aliyeliona Ziwa Tanganyika. Wa mwisho, Bull, alikufa njiani mwaka 1876, kabla Stanley hajaingia Ujiji mwezi Mei. Kwa hesabu ya Stanley, mbwa huyo alikuwa ametembea kama kilomita 2,400. Aliyumba, akalia kwa uchungu, akajikokota nyuma ya wabeba bunduki aliowazoea, kisha akalala njiani huku akitazama mbele walikokwenda. Wengi huisoma habari hii kama sifa ya uaminifu wa mbwa. Mimi naisoma kwa upande wa mwenye mbwa: mnyama aliyezoea baridi ya Ulaya alipelekwa kwenye jua na magonjwa asiyoyajua, na hakuwa na namna ya kukataa.

Je, wajua kwamba mbwa msumbufu huenda ni mbwa asiye na kazi? Huko Marekani, shirika la Working Dogs for Conservation huwatafuta kwenye vituo mbwa walioshindikana majumbani, wale wasiotulia mpaka warushiwe mpira. Nguvu hizohizo zilizomchosha mwenye nyumba ndizo zinazomfaa mbwa wa kunusa nyayo za majangili na vinyesi vya wanyama adimu. Kwa hiyo ukiokota mbwa koko mwenye pilikapilika ukampeleka kijiji kama Kalinzi mkoani Kigoma, milimani kwenye mibuni, usimfunge kamba mchana kutwa. Mpe matembezi asubuhi na jioni, mfundishe kukaa na kuja akiitwa, mwache alinde mahindi dhidi ya nyani. Kumfunga akiteseka si ukatili tu, ni kosa pia: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Je, wajua kwamba mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe tarehe 14 Julai 1960, alisema mwalimu wake wa kwanza kuhusu akili za wanyama alikuwa mbwa? Aliitwa Rusty, na wala hakuwa wake. Alikuwa mbwa wa hoteli ya jirani huko Bournemouth. Wasomi wa Cambridge walipomwambia kuwa wanyama hawana tabia binafsi wala hisia, yeye alikwisha kujifunza kinyume chake kwa Rusty.

Je, wajua kwamba karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa? Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kati ya kung'atwa na kuugua huwa kuna muda, mara nyingi miezi miwili au mitatu, na muda huo ndio uhai wenyewe. Osha jeraha papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ukachanjwe, hata kama mkwaruzo ni mdogo. Usingoje kuona mbwa atafanyaje.

Mbwa wakichanjwa asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa vijiji vilivyo mbali na friji kuna habari njema: utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya chanjo hiyo hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye nyuzi 25. Mbwa wako akichanjwa, itunze kadi yake kama unavyoitunza kadi ya kliniki ya mtoto.

Chanjo hailindi nyumba yako peke yake. Mwaka 1994 homa ya mbwa (distemper), ugonjwa mwingine wenye chanjo yake, iliingia Serengeti ikaua takriban theluthi moja ya simba, na chanzo kilidhaniwa kuwa mbwa wa vijiji vya jirani. Kalinzi nayo iko jirani na hifadhi, ile ya Gombe yenye sokwe.

Je, wajua kwamba kahawa ni sumu kwa mbwa? Kafeini humpandisha mapigo ya moyo na yaweza kumuua. Wanaoanika buni uani walijue hilo. Vitunguu navyo huharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikamchoma tumboni. Ugali na dagaa wasio na chumvi nyingi vinamfaa zaidi.

Na mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 tu. Kabla hujamleta nyumbani, muulize afisa mifugo kuhusu kumfunga kizazi, la sivyo anza kuwatafutia watoto wake wenyeji mapema.