Baiskeli ni mtaji, kufuli lisiwe la kubahatisha

Mtu anayenunua baiskeli mjini Tukuyu huikagua kama anayechagua ng'ombe wa maziwa. Hubonyeza matairi, huzungusha pedali, huinua gurudumu la nyuma asikilize mlio wake, kisha hujadili bei mpaka muuzaji achoke. Wakishakubaliana anaulizwa kuhusu kufuli, naye hujibu: "Nipe lolote." Jambo lililochukua nusu siku linamalizwa kwa neno moja, na neno hilo ndilo litakaloamua kama baiskeli itakuwa bado yake mwaka ujao.

Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Barabara ya kutoka Mbeya, kama kilomita 70, inapita Tukuyu kabla ya kuteremka kuelekea Kyela na mpaka wa Kasumulu. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Milima ya Rungwe haimhurumii mwenye baiskeli: akiteremka anaendesha, akipanda mlima anasukuma. Pikipiki zimechukua abiria wenye haraka, lakini mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa, magunia ya viazi na mkaa bado vinasafiri juu ya karia. Ukishuka Kyela, kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, baiskeli zinazidi kuwa nyingi.

Kwa hiyo tuzungumze lugha ya biashara. Baiskeli ya mchuuzi ni mtaji. Ikiibwa, hapotezi bei aliyonunulia peke yake. Anapoteza pia mapato ya kila siku atakayokaa bila usafiri, na wateja watakaohamia kwa mwenzake. Wengi wa wachuuzi hawa hawana bima ya kuwafidia. Bima yao ni kufuli. Katika nchi ambako baiskeli ni usafiri wa kawaida, ushauri uliozoeleka ni kutenga angalau asilimia 10 ya thamani ya baiskeli kwa ajili ya kufuli. Tuseme baiskeli ina thamani ya shilingi 250,000: hapo kufuli na mnyororo wake vingestahili shilingi 25,000. Wengi wetu hatufiki hata nusu ya kiasi hicho, na tunajisifu kwamba tumebana matumizi.

Lawama si ya mnunuzi peke yake. Tazama bidhaa hii inavyotufikia. Makufuli mengi ya bei nafuu duniani hutoka China, ambako wilaya ya Pujiang katika jimbo la Zhejiang imejijengea jina kwa kazi hiyo. Nchini India mji wa Aligarh unaitwa mji wa makufuli. Mzigo ukishashuka hupitia mikono ya waagizaji na wauzaji wa jumla, ndipo unapofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mji mdogo, katikati ya misumari, bati na rangi. Mwenye duka ananunua kwa katoni. Anachokijua ni bei na kasi ya kuuzika. Boksi lina picha nzuri na maandishi ya kujisifu, ila halimwambii mnunuzi chochote kuhusu aina ya chuma wala idadi ya pini zilizomo ndani. Mnunuzi akiuliza tofauti ya makufuli mawili, jibu analopewa ni kwamba hili ni la bei zaidi. Soko la namna hii humlipa anayepaka rangi vizuri kuliko anayekomaza chuma vizuri.

Hata hivyo mnunuzi anaweza kujipimia mwenyewe papo hapo dukani. Aanze na sumaku, hata ile ndogo iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Kufuli la shaba halivutwi na sumaku. Likivutwa kwenye mwili wake wakati linang'aa kama dhahabu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Chuma chenyewe si kosa, kosa ni kulipia shaba na kupewa kingine. Alipime pia kwa mkono, kwa sababu baadhi ya madini mepesi ya kuyeyusha hayavutwi na sumaku na bado hupasuka kwa nyundo. Kufuli jepesi kuliko ukubwa wake litiliwe shaka.

Kisha aje kwenye upinde, yaani ile sehemu ya chuma inayofunguka na kufunga. Mwizi mara nyingi hahangaiki na tundu la ufunguo. Anakata upinde, au anaupiga nyundo mpaka uchomoke. Upinde uliokomazwa kwa moto hupimwa kwa tupa: pitisha tupa kwa wepesi mahali pasipoonekana sana. Kwenye chuma laini tupa inang'ata na kuacha mchubuko unaong'aa. Kwenye chuma kilichokomazwa inateleza. Mwombe muuzaji ruhusa kwanza. Akikataa, mwambie akupimie yeye mwenyewe kwenye kufuli moja la katoni hiyo. Mwenye bidhaa nzuri hapotezi kitu kwa jaribio hilo.

Ndani ya kufuli kuna hadithi nyingine. Mfumo wa pini unaotumika katika makufuli mengi tuliyonayo ulikamilishwa na Mmarekani Linus Yale Mdogo katika miaka ya 1860. Ubora wake unategemea idadi ya pini na usahihi wa mikato yake. Kufuli la pini tatu lililotengenezwa kwa haraka lina michanganyiko michache sana ya funguo, ndiyo maana si ajabu ufunguo wa jirani kufungua kufuli lako mkiwa mmenunua chapa ileile ya bei ya chini. Lijaribu hili dukani: toa makufuli matatu au manne ya aina moja, ubadilishe funguo zake. Kama moja linafunguka kwa ufunguo wa lingine, rudisha yote. Pini tano ni kiwango cha kuridhisha kwa baiskeli ya kazi.

Watu wa Ulaya na Marekani nao wamewahi kudanganywa na jina. Mwaka 2004 iligundulika kwamba makufuli ya umbo la U ya kampuni ya Marekani ya Kryptonite, yaliyokuwa yakisifiwa kwa ugumu wa chuma chake, yangeweza kufunguliwa kwa mwili wa kalamu ya plastiki iliyosukumwa kwenye tundu lake la duara. Kampuni ililazimika kuwabadilishia wateja makufuli mengi mno. Tangu hapo mnunuzi makini hukwepa tundu la duara lenye ufunguo kama bomba, hasa kwenye bidhaa za bei ndogo, ingawa makufuli ya aina hiyo bado yanauzwa.

Sasa mnyororo. Hapa Rungwe, kama ilivyo sehemu kubwa ya Tanzania, kufuli na mnyororo ndiyo njia inayotumika zaidi, na mimi naiona ndiyo inayofaa, mradi mnyororo usiwe ule wa kukata kwa mita dukani uliotengenezwa kwa ajili ya kufungia mbwa au geti. Mnyororo huo wa chuma laini, hata ukiwa na unene wa milimita 8, hukatika kwa mkasi wa chuma wenye mikono mirefu kwa pumzi moja. Mnyororo uliokomazwa wa milimita 10 humchosha mwizi wa kawaida. Ukifika milimita 13 na kuendelea, mikasi mingi ya mkono inashindwa. Pete za pembe nne au sita zinasumbua zaidi kuliko za duara, kwa sababu meno ya mkasi hayapati pa kukaa vizuri.

Gharama yake ni uzito. Mita moja ya mnyororo wa milimita 10 inapita kilo 2, na anayesukuma mikungu ya ndizi kwenye mlima hahitaji kilo nyingine. Suluhisho ni la kibiashara pia: mnyororo mzito ubaki pale unapolaza baiskeli au unapofanyia kazi kila siku, umefungwa kwenye nguzo ukikusubiri, na wa safari uwe mwepesi zaidi kwa vituo vifupi unavyoviona kwa macho. Uvike kwa mpira wa ndani wa tairi kuukuu ili usikwaruze rangi ya fremu, lakini uache wazi ncha zote mbili ili maji yatoke.

Waya uliovikwa plastiki, wenye namba za kuzungusha, sioni sababu ya kumshauri mtu aununue kama ulinzi pekee. Unene unaouona ni wa plastiki. Nyuzi za ndani ni nyembamba na koleo la fundi huzikata moja baada ya nyingine. Namba tatu zina michanganyiko 1,000 tu. Anayejaribu mmoja kila baada ya sekunde mbili anaimaliza yote kwa takriban dakika 33, na baiskeli inayolala nje inampa usiku mzima.

Lile kufuli la gurudumu la nyuma, linalokuja na baiskeli nyingi za mtindo wa Phoenix na zile za kutoka India, lina manufaa yake. Linazuia mtu asirukie na kukimbia. Uholanzi, nchi ya baiskeli, bado wanalitumia sana, lakini wanaongeza mnyororo juu yake, kwa sababu halimzuii mtu kuinua baiskeli na kuiweka juu ya gari la mizigo. Lifunge hata unaponunua vocha. Usiliachie kazi ya usiku.

Tukuyu ina adui mwingine ambaye vitabu vya nchi kame havimtaji. Mvua hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya ukavu ni michache. Kufuli linaloishi miaka mingi Dodoma linaweza kushika kutu hapa ndani ya misimu michache. Likishakwama, mwenye nalo hulazimika kulivunja, halafu anaendelea siku kadhaa bila kufuli. Mwili wa shaba unavumilia mvua kuliko wa chuma. Tundu la ufunguo liangalie chini kila unapofunga, na kufuli lisilale kwenye tope. Kufuli lililo ardhini ni rahisi pia kulipiga nyundo. Usimimine oili chafu ya injini, inanasa vumbi na kugeuka gundi. Mafuta mepesi ya cherehani yanatosha, au unga wa risasi ya penseli. Yapo pia makufuli yenye visahani vinavyozunguka badala ya pini na springi, ubunifu wa Mfini Emil Henriksson wa mwaka 1907 uliozaa kampuni ya Abloy. Kwa kuwa hayana springi za kushika kutu, yanafanya kazi vizuri kwenye unyevu. Mfumo huo sasa umeigwa na viwanda vingi, na mfanyabiashara wa Mbeya atakayeleta ya bei ya kati atapata soko katika nyanda hizi za mvua.

Kufuli zuri lililofungwa vibaya ni fedha iliyotupwa. Mnyororo upite kwenye fremu na gurudumu la nyuma kwa pamoja, kisha uzunguke kitu kisichong'oka. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, utalikuta gurudumu hilo limebaki peke yake. Na katika wilaya hii ya migomba ni lazima tuseme wazi: mgomba si nguzo. Panga moja linatosha. Nguzo fupi ambayo baiskeli inaweza kuinuliwa ikapita juu yake nayo haifai.

Usisahau karatasi. Nakili namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini ya ekseli ya pedali au kwenye bomba la kiti, uihifadhi nyumbani pamoja na risiti. Bila namba hiyo polisi atakuandikia taarifa, lakini utashindwa kuthibitisha kwamba Phoenix nyeusi iliyokamatwa ni yako kati ya Phoenix nyeusi zote. Anayenunua iliyotumika adai hati ya mauziano mbele ya viongozi wa mtaa. Kupokea mali ukijua imeibwa ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mpaka ukiwa karibu hivi, soko la wanunuzi wasiouliza maswali ndilo linalomlisha mwizi.

Nchini Uingereza makufuli ya baiskeli hupimwa na taasisi ya Sold Secure na kupewa madaraja: Shaba, Fedha, Dhahabu na Almasi. Mnunuzi asiyejua lolote kuhusu chuma anasoma daraja, analipa. Sisi tuna Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2012 limekuwa na utaratibu wa kukaguliwa kwa bidhaa kabla hazijapakiwa kuja nchini, na tuna Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia. Lebo ya Kiswahili juu ya boksi, ikitaja aina ya chuma, kama upinde umekomazwa na idadi ya pini, ingebadilisha biashara hii kuliko mafunzo yoyote.

Halmashauri ya Rungwe nayo ina la kufanya, na halihitaji mfadhili. Wachomeleaji wa Tukuyu wanaotengeneza mageti kila siku wanaweza kupinda mabomba ya chuma na kuyasimika kwenye zege sokoni, stendi na hospitalini. Mchuuzi analipa ushuru wa soko. Ana haki ya kupata mahali pa kufungia chombo chake. Na nyinyi wenye maduka, wekeni tupa na sumaku juu ya kaunta, mwacheni mteja apime mwenyewe kabla ya kulipa.